Nyuzi Ndani ya Joto: Tembe la Unyanyembe na Boti Zetu za Faiba

Saa saba ya mchana, mwezi wa Oktoba, Tabora haina mzaha. Mvua hazijaanza, ardhi imekauka mpaka inatoa nyufa, na mabati ya nyumba za mjini yanalia kwa mshindo mdogo mdogo kila yanapotanuka kwenye misumari yake. Katika hali hiyo tuliingia ndani ya tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, mahali ambapo Dakta Livingstone alingojea wapagazi wake tangu Februari hadi Agosti 1872, na ambapo siku hizi ni makumbusho. Kuta zake ni nene, zimepakwa rangi ya damu ya mzee, na mlango wake una nakshi ambayo Mzanzibari yeyote ataitambua kuwa ni ndugu ya milango ya Mji Mkongwe. Tulipovuka kizingiti tu, joto lilibaki nje kama mgeni aliyekataliwa hodi.

Mzee mmoja wa Kinyamwezi tuliyefuatana naye alituonesha baadaye pande la udongo lililoanguka katika ukuta wa nyumba kuukuu ya jirani. Alilivunja kwa mikono miwili, na ndani yake mkaonekana vipande vya nyasi, vimelala huku na huku, vikavu na safi kana kwamba vilikatwa wiki iliyopita. Akatueleza kwamba udongo mtupu haujengi nyumba. Ukiukanda peke yake na kuuanika juani, utapasuka kabla haujakauka. Bali ukiutia nyasi, zile nyasi huushika mkono.

Msomaji wa Unguja au Pemba ana haki ya kutuuliza: haya ya udongo wa Unyamwezi yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Yatuhusu sana. Tangu serikali yetu ilipoanza kuusukuma mbele uchumi wa buluu, boti za faiba zimekuwa zikigawiwa kwa wavuvi na kwa wakulima wa mwani, na kila mwaka fedha za umma zinakwenda huko. Boti ya faiba, ndugu msomaji, ni tembe la Tabora kwa sura nyingine. Ni nyuzi zilizozikwa ndani ya kitu kinachozishika. Katika tembe nyuzi ni nyasi, na kinachozishika ni udongo. Katika boti nyuzi ni kioo kilichovutwa kikawa chembamba kuliko unywele, na kinachozishika ni rezini, yaani jamaa mmoja katika ukoo mkubwa wa plastiki ambao wataalamu huuita polima. Sisi tutaviita vitu vya namna hii maunzi mseto, kwa kuwa kila aliyekula mseto wa mchele na choroko anafahamu kwamba viwili hivyo vikipikwa pamoja hutoa chakula cha tatu, ambacho si mchele wala si choroko.

Swali letu la leo ni moja. Mseto huo ukipata joto, unafanyaje? Na nyuzi zilizomo ndani yake zinausaidia au zinauponza? Kiswahili chenyewe kimetutega hapa, maana sisi husema nyuzi za kamba na pia nyuzi za joto. Ili tusichanganyikiwe, nyuzi zitabaki za kamba, na joto tutalipima kwa digrii.

KUTANUKA NA KUNYWEA

Karibu kila kitu hutanuka kikipata joto, lakini si kwa kiasi kimoja. Waliosafiri kwa reli ya kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wanaukumbuka mlio wa magurudumu yakiruka maungio ya vyuma. Nafasi zile ziliachwa kwa makusudi. Reli ya chuma yenye urefu wa kilomita moja, joto lake likipanda kwa digrii 30, hurefuka kwa sentimita 36 hivi, na isipopewa nafasi au isipofungwa barabara itajikunja kama nyoka.

Sasa tuyatazame majumba ya Michenzani. Ndani ya saruji yake mna nondo za chuma, na siri kubwa ya ndoa hiyo ni kwamba chuma na saruji hutanuka karibu sawasawa. Lau chuma kingetanuka mara kumi kuliko saruji, majumba yale yangejipasua yenyewe kwa jua la kaskazi moja tu. Adui wa majumba yale ni chumvi na kutu. Joto halijapata kuyatenganisha.

Plastiki na kioo hawana bahati hiyo. Plastiki ni mwepesi wa kutanuka: polipropilini, ile ya viti vyetu na ndoo zetu, hutanuka takriban mara nane kuliko chuma. Kioo, kwa upande wake, hutanuka chini ya nusu ya chuma. Ukiviweka pamoja unapata ndoa ya mtu mwenye haraka na mtu mzito wa kuinuka. Lakini ni kutokana na uzito huo wa kioo kwamba mseto unapata faida. Plastiki ikitaka kukimbia, uzi wa kioo unaivuta nyuma. Ikitia sehemu thelathini za nyuzi za kioo katika mia, ile polipropilini inatanuka theluthi tu, au zaidi kidogo, ya kiasi chake cha kwanza. Nyuzi za kaboni zina kioja chao: zikipata joto hazirefuki, bali hupungua kidogo kwa urefu, na ndiyo maana vyombo vya angani ambavyo havitakiwi kubadilika hata unywele mmoja huundwa kwa nyuzi hizo.

Faida hiyo, hata hivyo, iko upande mmoja tu, yaani upande ulikolala uzi. Kwa upande wa kukingama uzi hauna nguvu ya kuzuia, na plastiki hutanuka ipendavyo. Kwa hiyo ubao ambao nyuzi zake zote zimeelekezwa upande mmoja utakuwa mtulivu kwa urefu na msumbufu kwa upana. Fundi mwenye akili hutandika mkeka wa nyuzi zilizopishana, kama ambavyo mjenzi wa Unyanyembe hazipangi nyasi zake bali huzikanyaga kwa miguu mpaka zielekee kila upande.

Wasomaji wengi wataikumbuka Flipflopi, jahazi lile la plastiki taka lililoundwa Lamu, likateremshwa baharini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Tulilishangilia, na lilistahili. Lakini fundi wa majahazi anayezoea mbao ana jambo la kujifunza upya anaposhika ubao wa plastiki isiyo na nyuzi. Ubao wa polithini wa mita sita, ukitoka katika ubaridi wa alfajiri ukaingia katika jua la adhuhuri na joto lake likapanda digrii 25, hurefuka zaidi ya sentimita mbili. Ubao wa mti wa urefu huohuo hauongezeki hata milimita moja. Kwa nini? Kwa sababu mti wenyewe ni mseto. Mwenyezi Mungu ameupanga kwa nyuzi ngumu zilizoelekezwa juu, na kuzigandisha kwa gundi yake mwenyewe. Fundi wa mtepe wa zamani, aliyeshona mbao kwa kamba za usumba, alikuwa akishona mseto kwa mseto.

KULEGEA

Kutanuka ni jambo moja. Kulegea ni jingine, na kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi kwa nchi zenye jua kama yetu. Plastiki haingoji kuyeyuka ndipo ikuangushe. Hulegea mapema. Polipropilini huyeyuka kwenye digrii 165 hivi, lakini ukiipima kwa mzigo mzito wa maabara utaiona inapinda kabla ya digrii 60. Bati lililopigwa na jua la Tabora linaufikia moto huo, na sitaha ya boti iliyopakwa rangi nyeusi inaupita.

Hapa ndipo nyuzi zinapoonesha maajabu yao. Polipropilini ileile ikitiwa nyuzi za kioo sehemu thelathini katika mia, huvumilia mzigo uleule hadi digrii 140 na zaidi. Naylon ya viwandani iitwayo sita-sita, ambayo peke yake hupinda kwenye digrii 75 hivi, ikitiwa kioo hufika karibu digrii 250, yaani hatua chache tu kabla ya kuyeyuka kabisa. Nyuzi hazikubadilisha tabia ya plastiki. Plastiki imelegea vilevile kwa ndani. Bali nyuzi zimejenga kiunzi, na mzigo umehamia kwenye kiunzi. Mtu aliyechoka akishikwa makwapani na wenziwe wawili husimama, ingawa miguu yake haina nguvu.

Lakini msaada huo haugawiwi sawa. Kuna plastiki ambazo ndani yake zina chembe zilizojipanga kwa safu kama askari, mfano naylon na polipropilini. Hizo ndizo zinazofaidi sana nyuzi, kwa sababu safu zile hubaki imara hata baada ya sehemu nyingine kulegea. Na kuna plastiki zisizo na safu, zilizochanganyika tu kama tambi katika sufuria, mfano ile ngumu inayotengenezewa vioo vya taa za magari. Hizo ukizitia nyuzi huongeza digrii kumi au kumi na tano, basi. Muuzaji anayekwambia kwamba kila plastiki ikitiwa faiba inastahimili joto, ama hajui, ama anajua.

Tukiwa tumesimama mbele ya ukuta wa udongo, tulikumbuka kisa kimoja kilichotuchekesha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa kampuni ya Toyota huko Japani walichukua naylon wakaitia udongo, udongo wa mfinyanzi wa aina yake, uliochambuliwa mpaka ukawa mapande membamba yasiyoonekana kwa jicho. Kiasi kilikuwa chini ya sehemu tano katika mia. Naylon ile iliyokuwa ikipinda kwenye digrii 65 hivi ikavumilia hadi digrii 150 hivi. Wanyamwezi walitia nyasi katika udongo. Wajapani wakatia udongo katika plastiki.

MOTO

Agosti 1871 majeshi ya Mtemi Mirambo yaliivamia Tabora. Khamis bin Abdullah aliuawa siku ile, na sehemu ya mji ikateketea. Stanley, aliyekuwa Kwihara, aliyaona moshi kwa macho yake, akaanza kutoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe. Nyumba iliyoezekwa nyasi ilihitaji kinga kimoja tu cha moto. Tembe, lenye dari bapa la miti lililofunikwa udongo, halikushika moto kwa urahisi hivyo.

Tafakari jambo hili. Nyasi zile zile! Juu ya paa ni kuni; ndani ya udongo ni salama. Tofauti ni kwamba udongo umezinyima hewa, na udongo wenyewe hauungui. Katika mseto wa tembe, kinachoshika hakiungui na nyuzi ndizo zingaliungua. Katika boti ya faiba mambo yamepinduka: kioo hakiungui, lakini rezini inayokishika huungua, tena kwa moshi mweusi mzito usiovutika. Aliyewahi kuona boti ya faiba iliyoungua ataikumbuka hali yake baada ya moto kuzimika: limebaki shuka jeupe la nyuzi, laini, lisilo na nguvu ya kubeba hata kuku, na bahari inapita katikati yake. Injini ya petroli ndani ya chombo cha namna hiyo si jambo la kupuuzwa, na mtungi wa kuzimia moto si pambo.

Na tukitia singa za mkonge ndani ya plastiki? Hapo vyote viwili vinaungua, ingawa singa hutoa mkaa unaopunguza kasi ya moto kidogo. Ziko dawa za kuchanganya ambazo zikipata moto hutoa mvuke wa maji na kuupoza. Gharama inaongezeka, na uzito pia.

Kulikuwa na wakati ambapo ulimwengu uliamini kwamba umepata nyuzi zisizoungua na za bei nafuu. Ni asbesto, nyuzi za jiwe. Ilitiwa katika saruji, ikaezekea majengo mengi ya umma Afrika Mashariki, na kwa habari ya joto haina ila. Ila yake ni mapafu ya binadamu: vumbi lake likivutwa huleta maradhi yanayojificha miaka mingi na huishia katika saratani. Paa la namna hiyo lisikatwe kwa msumeno wala lisivunjwe kwa nyundo na vijana wasio na kinga.

MKONGE

Hatuwezi kuzungumza juu ya nyuzi katika Tanzania tukaupita mkonge bila ya kuupa heshima yake. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Marekani. Ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 ilizaliwa tasnia ambayo mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 200,000. Maelfu ya wakataji wa mkonge walitoka bara, nao Wanyamwezi walikuwa wengi miongoni mwao: wajukuu wa wapagazi wa misafara walioteremka kwa njia ileile ya babu zao, safari hii kwa treni na kwa mkataba. Kisha ikaja kamba ya polipropilini kutoka viwanda vya petroli, bei ya mkonge ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Plastiki ndiyo iliyoua mkonge.

Leo hadithi imegeuka. Watengenezaji wa magari huko Ujerumani walianza katika miaka ya 1990 kutia kitani na mkonge katika mbao za ndani za milango ya magari. Sababu ni wepesi na bei, na kwamba singa ni tupu ndani, kama bua dogo, kwa hiyo haipitishi joto kwa wepesi. Muuaji na maiti wake wamepatanishwa.

Lakini mkonge una mpaka wake wa joto, na mpaka huo haujadiliki. Singa ni kiumbe cha mmea. Joto likikaribia digrii 200 huanza kubadilika rangi na kuvunda kwa ndani. Likizidi hapo huanza kuoza kwa moto, na nguvu yake hupotea. Ndiyo kusema singa inaweza kuchanganywa na plastiki zinazoyeyuka chini ya hapo, kama polithini kwenye digrii 130 na polipropilini kwenye 165. Kuitia katika naylon ya sita-sita inayoyeyuka kwenye digrii 260 ni kuitia tanurini. Fundi anayetaka haraka akapandisha moto wa mashine ili mchanganyiko utiririke vizuri, atatoa kitu cha rangi ya kahawia chenye harufu ya mkate ulioungua, naye hatajua kwa nini kinavunjika.

Tena singa inapenda maji, na plastiki haipendi. Isipokaushwa kabla ya kuchanganywa, unyevu wake utageuka mvuke ndani ya mashine na kuacha vitobo. Huoshwa kwa magadi makali ili uso wake ukwaruzike na kushikana vizuri. Usumba wa nazi, ambao watu wetu wa mashamba huufukia katika matope ya pwani kwa miezi kabla ya kuusokota, hustahimili maji kuliko singa kwa kuwa una gundi nyingi zaidi ya asili, ingawa nguvu yake ni ndogo.

Kuna jaribio moja ambalo viongozi wetu hawana budi kulijua, kwa sababu lilianza kwa nia njema kabisa. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu wananchi na maofisa kwa kudhani kwamba hakuna nyumba bora bila ya saruji na bati. Maneno yake yaliuma, kwani yalikuwa kweli. Katika miaka hiyo, hapa Afrika Mashariki na kwingineko, kulijaribiwa mapaa ya saruji iliyotiwa singa za mkonge: badala ya asbesto, nyuzi zetu wenyewe. Vigae vilitoka vizuri. Baada ya miaka michache vikaanza kukatika kama biskuti. Mtafiti wa Sweden, Hans-Erik Gram, alieleza sababu katika kazi aliyoichapisha mwaka 1983: maji yaliyomo katika vitundu vya saruji ni makali kama magadi, na ukali huo huyeyusha gundi inayoshikanisha vijiuzi vya singa. Joto na unyevu vikikutana, kazi hiyo huenda mbio. Kigae cha Sweden kingedumu. Kigae cha pwani ya Hindi kilikuwa kikipikwa polepole juu ya kichwa cha mwenye nyumba. Udongo wa Tabora hauna ukali ule. Nyasi zilizomo ndani yake zilikaa salama miaka na miaka, na sisi tuliziona.

Tusije tukaeleweka vibaya tukadhaniwa tunaimba sifa za tembe. Tembe lilivuja masika, na katika nyufa za kuta zake na vumbi la sakafu walikaa papasi. Robert Koch, alipofuata njia za misafara mwaka 1905, aliwakuta papasi hao katika vituo vya wapagazi, nao ndio waliokuwa wakieneza homa ya vipindi. Wapagazi waliobeba pembe, na watumwa waliofungwa minyororo wakiteremshwa Bagamoyo na kuvushwa mpaka kwetu Unguja, walilala juu ya sakafu zile. Ubaridi wa ukuta haukuwapunguzia kitu.

BOTI

Turudi sasa baharini. Tunamjua mvuvi mmoja wa kaskazini ya Unguja ambaye boti yake, baada ya misimu miwili, ilitoka malengelenge chini ya mkuku na kuonesha nyufa ndogo kama utando wa buibui kando ya sitaha. Aliyemuuzia alimlaumu kwa kuigonga miamba. Hatuwezi kuamua kesi ile, lakini twaweza kusema yale ambayo joto linaweza kuyafanya bila ya mwamba wowote.

Rezini ya boti haitokani na kuyeyushwa. Huganda kwa dawa, na inapoganda hutoa joto lake yenyewe. Ukiiacha nyingi katika ndoo baada ya kuitia dawa, itachemka na kufuka moshi. Fundi anayetandika tabaka nene kwa mkupuo mmoja, saa sita mchana, huipika boti kutoka ndani, na nyufa huanza siku ile ya kuzaliwa. Nyuzi husaidia, kwa kuwa huchukua nafasi ya rezini na hazitoi joto. Pale penye rezini nyingi na mkeka kidogo, kwenye pembe na maungio, ndipo pa kuangalia. Kinyume chake, fundi aliyebania dawa hutoa rezini ambayo haikuiva. Kwa macho ni ngumu. Lakini rezini iliyoiva vyema hulegea kwenye digrii 70, 80 au zaidi kwa kadiri ya aina yake, nayo ile mbichi hulegea mapema, na jua la Januari juu ya sitaha ya buluu iliyokolea linatosha kuilegeza.

Kila siku rezini inataka kutanuka na kioo kinakataa. Ugomvi huo unafanyika pale wanapogusana, usiku na mchana, mwaka mzima. Ikiwa mshikamano ni mzuri hakuna kinachotokea. Ikiwa ni mbaya, uzi hujitenga na gundi yake kwa nafasi isiyoonekana, maji ya bahari huingia kwenye nafasi hiyo, na joto huyasukuma. Lengelenge ni maji yaliyopata nyumba.

Ndiyo maana tunawaomba maofisa wanaosaini mikataba ya vyombo hivi wasitosheke na urefu wa boti na nguvu ya injini. Waulize rezini ni ya aina gani na inalegea kwenye digrii ngapi ikiwa imekwisha kuiva. Waulize sehemu ngapi katika mia ni nyuzi, na mkeka umepishanishwa vipi. Wadai kipande kilichokatwa kutoka katika boti yenyewe, pale linapotobolewa tundu, kwani kipande cha maonesho hutengenezwa na fundi bora siku ya baridi. Na rangi iwe nyeupe au ya karibu na nyeupe. Hilo halina gharama kabisa, na tofauti ya joto kati ya sitaha nyeupe na nyeusi, katika jua moja, ni zaidi ya digrii 20.

Tunayo Taasisi ya Viwango Zanzibar. Kuna Shirika la Viwango upande wa bara. Kupima joto la kulegea hakuhitaji mtambo wa kutisha. Hata kabla ya maabara, kuna kipimo ambacho kingeweza kufanywa na skuli yoyote ya ufundi. Tabora iko juu ya mita elfu moja na mia mbili hivi kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Oktoba mchana hupita digrii 30, na usiku joto hushuka zaidi ya digrii 12. Kwetu visiwani tofauti ya mchana na usiku ni digrii saba hivi, lakini tuna chumvi na unyevu usiokatika. Basi vichukuliwe vipande kumi kutoka boti moja. Vitano vifungwe juu ya paa la bati huko Tabora, vilipuke kwa jua na kuzizima kwa usiku. Vitano vifungwe kwenye nguzo pwani ya Maruhubi, maji yakijaa viloe, yakitoka viote jua. Baada ya mwaka vikusanywe, vipimwe uzito, vivunjwe, na iandikwe ni kwa nguvu gani kila kimoja kilivunjika. Gharama yake ni kamba, daftari, kipimajoto, na nauli ya mtu mmoja kwa treni.